Sura ya Sita: Stesheni Nane za Mlimani

Mwaka 1983 British Rail, shirika la reli la taifa la Uingereza, lilimkabidhi Ron Cotton njia ya reli kati ya Settle na Carlisle. Alitumwa kuifunga. Wala halikuwa jambo la siri: daraja kubwa la Ribblehead lilikuwa likivuja, gharama ya kulitengeneza ilikadiriwa kwa mamilioni ya pauni, na treni za abiria zilikuwa zimebaki mbili tu kwa siku kila upande. Kwa wakubwa wa reli mambo yalikuwa yamekwisha, bado kusaini karatasi.

Cotton alikuwa mtu wa biashara, na alipofika akaanza na alichokijua, yaani kuuza tikiti. Akapunguza nauli, akaongeza treni, akaitangaza njia kwa watu wa mjini wanaopenda kutembea milimani. Mwaka aliopokea kazi abiria walikuwa kama 93,000. Muongo ulipokaribia kwisha walikuwa wanakaribia 450,000. Sijui hadithi nyingine ya mnyongaji aliyeanza kumlisha mfungwa wake namna hiyo.

Lakini nauli nafuu haimfai mtu asiye na mahali pa kupandia. Njia ina urefu wa kilomita 116, na wakati huo katikati ya Settle na Carlisle treni ilisimama mji mmoja tu, Appleby. Stesheni nyingine zote zilikuwa zimefungwa, za mwisho mwezi Mei 1970. Treni zilizipita mbio huku madirisha yake yamepigwa mbao na nyasi zimeota kwenye majukwaa. Nane kati ya stesheni hizo ndizo habari ya sura hii: Horton-in-Ribblesdale, Ribblehead, Dent, Garsdale, Kirkby Stephen, Langwathby, Lazonby na Armathwaite. Watu wanapoizungumzia njia hii huzungumzia daraja la Ribblehead, na daraja lina haki ya kusifiwa, matao yake 24 yakivuka bonde kwa mita 400. Hata hivyo nadhani sifa zimelielemea daraja kupita kiasi. Daraja halipandishi abiria, na vita vya kuiokoa njia hii, kama tutakavyoona, vilikuwa vita vya abiria.

Kwanza ni vizuri kujua kwa nini stesheni zenyewe zimekaa pabaya. Kampuni ya Midland ilitaka njia yake ya kufika Scotland kwa sababu ilikuwa imegombana na kampuni jirani, ambayo ilipokea abiria wa Midland njiani na kuwachelewesha makusudi. Bunge likawapa kibali. Kisha magomvi yakatulia, na Midland, ikitazama milima ya Pennines na kupiga hesabu, ikaomba ruhusa ya kuacha mradi. Mwaka 1869 Bunge likakataa: mmeomba, jengeni. Wakajenga, kwa mikono ya maelfu ya vibarua waliokaa na wake na watoto wao kwenye vijiji vya mabanda juu ya milima isiyo na hata mti. Ndui na ajali viliwamaliza wengi. Katika kanisa dogo la Chapel-le-Dale, karibu na Ribblehead, walizikwa zaidi ya 200, na ilibidi eneo la makaburi liongezwe. Abiria wa kwanza walipita mwaka 1876.

Njia iliyojengwa kwa ajili ya treni za kasi za Scotland haikujali sana vijiji. Ilifuata mwinuko ambao injini ingeweza kuupanda, na stesheni ikawekwa pale mlima uliporuhusu. Kijiji cha Dent kiko chini kabisa bondeni, zaidi ya kilomita sita kutoka stesheni inayobeba jina lake, na stesheni yenyewe iko mita 350 juu ya usawa wa bahari, ya juu kuliko zote katika reli kuu za England. Mtu wa Dent aliyetaka treni alipanda mlima kwanza. Ulipokuja wakati wa magari na mabasi, unaweza kukisia alichochagua.

Hata hivyo kampuni ilijenga kwa heshima. Majengo yalichorwa kwa saizi tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na msanifu wake alikuwa John Holloway Sanders. Paa ni kali, na kwenye ncha zake kuna mbao zilizochongwa kwa nakshi. Kusini walitumia mawe magumu ya kijivu, na njia inapoteremka bonde la mto Eden mawe yanageuka mekundu, kwa kuwa kila stesheni ilijengwa kwa mawe ya jirani. Na kwa sababu hapakuwa na nyumba nyingine ya watu wote huko juu, stesheni zilibeba kazi za kijiji. Chumba cha kusubiria cha Ribblehead kilitumika kwa ibada, na kuanzia 1938 mkuu wa stesheni alituma taarifa za hali ya hewa. Garsdale walicheza dansi chini ya tangi la maji la injini. Hapohapo Garsdale palikuwa na meza kubwa ya kugeuzia injini, na husimuliwa kwamba siku moja upepo uliinasa injini ikiwa juu yake ukaizungusha kama pia, mpaka watu wakamwaga mchanga shimoni ili isimame. Baadaye waliizungushia ukuta wa mataruma ya zamani. Kama hadithi imetiwa chumvi, ukuta ulijengwa kweli.

Baada ya Mei 1970 yote hayo yalikwisha. Majengo mengine yaliuzwa, mengine yaliachwa yaoze. Kwa miaka mitano hakuna treni iliyosimama.

Waliorudisha treni hawakuwa watu wa reli. Mwaka 1975 mamlaka ya hifadhi ya taifa ya Yorkshire Dales ilianza kukodi treni za wikiendi zilizoitwa DalesRail, kwa ajili ya watembea milimani. Majukwaa yakakarabatiwa kiasi cha kutosha, na watu wakashuka tena Garsdale na Dent, wakiongozwa na watu wa kujitolea waliojua njia za miguu. Zilikuwa treni za siku chache kwa mwaka. Lakini ziliacha kitu muhimu sana: majukwaa mazima, na kundi la watu walioyazoea. Wakati fununu za kufungwa kwa njia zilipoanza kuvuma, mwaka 1981, watu wa aina hiyo ndio walioanzisha chama cha Marafiki wa Njia ya Settle–Carlisle.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo mchezo ulipochezewa. Kwa mujibu wa Sheria ya Usafirishaji ya 1962, reli ilipotaka kufunga njia ya abiria, watumiaji wake walikuwa na haki ya kupinga mbele ya kamati ya abiria. Kamati hiyo haikuruhusiwa kusikiliza habari za uzuri wa daraja, wala historia ya vibarua waliokufa, wala hata kama hesabu za hasara za shirika zilikuwa zimepikwa. Ilisikiliza jambo moja tu: kufungwa kwa njia kungemletea nani taabu, na taabu gani. Mpenda reli mwenye maktaba nzima ya picha za injini za mvuke hakuwa na neno la kusema pale. Mama aliyepanda treni kwenda hospitali alikuwa nalo.

Marafiki walilielewa hilo mapema, na nadhani ndiyo sababu walishinda pale ambapo vyama vingine vya wapenda reli vilishindwa. Badala ya kulilia urithi walikwenda kukusanya abiria. Waligawa fomu kwenye treni, sokoni, vijijini. Pingamizi zilizowasilishwa zilipita 22,000, idadi ambayo kamati haikuwahi kuiona. Moja ya pingamizi hizo ilitiwa saini kwa alama ya unyayo. Ilikuwa ya Ruswarp, mbwa wa Graham Nuttall, mmoja wa waanzilishi wa chama. Ruswarp alikuwa akisafiri kwa tikiti, na aliyekata tikiti ni abiria. Pingamizi lake likapokewa.

Wakati huohuo Cotton alikuwa akitafuta abiria kwa njia yake. Tarehe 14 Julai 1986 stesheni nane zikafunguliwa tena kwa treni za kawaida, kwenye njia ambayo rasmi ilikuwa bado inasubiri kufungwa. Hebu fikiria hali hiyo: shirika lilelile limewasilisha maombi ya kufunga, na ofisa wake anafungua stesheni. Ribblehead ilifunguliwa nusu. Jukwaa la treni za kwenda kaskazini lilikuwa limebomolewa kupisha mabehewa ya mawe ya machimbo, kwa hiyo mpaka jukwaa jipya lilipojengwa mwaka 1993, uliweza kupanda pale kwenda kusini, Leeds, lakini si kwenda Carlisle.

Serikali haikuyumba haraka. Mei 1988 ilitangaza kwamba inaelekea kukubali njia ifungwe, labda apatikane mnunuzi binafsi. Marafiki wakaendelea kuhesabu vichwa vya abiria. Majaribio ya kulitengeneza daraja yakaonyesha kwamba gharama ingekuwa ndogo sana kuliko ile iliyotangazwa. Tarehe 11 Aprili 1989 waziri wa usafirishaji, Paul Channon, akakataa maombi ya kufunga. Aliyekuwa waziri mdogo chini yake, Michael Portillo, mpaka leo hutaja uamuzi huo kama jambo analojivunia kuliko mengine katika siasa, na baadaye alipata umaarufu mpya kwa kusafiri kwa treni mbele ya kamera za televisheni.

Nuttall hakuishi kuyaona mengi ya baadaye. Januari 1990 alikwenda kutembea kwenye milima ya Wales pamoja na Ruswarp, na hawakurudi. Mwili wake ulipatikana Aprili, kando ya kijito, na mbwa alikuwa bado amekaa hapo baada ya wiki 11 za baridi. Alikuwa mbwa mzee wa miaka 14, dhaifu hata kutembea hawezi. Aliishi mpaka mazishi ya bwana wake, akafa muda mfupi baadaye. Mwaka 2009, miaka 20 baada ya njia kuokolewa, sanamu yake ya shaba iliwekwa kwenye jukwaa la Garsdale.

Wengi wanaoandika habari hii huishia hapo, na mimi naona ndipo sehemu ngumu ilipoanza. Kuokoa njia kunataka hasira ya miaka michache. Kutunza jengo la mawe kwenye mlima unaonyeshewa karibu kila siku kunataka watu wasiochoka kuzibua mifereji ya paa. Majengo mengine yalichukuliwa na taasisi ya hifadhi ya njia kwa mikataba mirefu. Ribblehead, iliyokuwa gofu, ikatengenezwa na kugeuzwa kituo cha wageni. Langwathby ikawa mkahawa kwa muda. Jengo la Dent lilikuwa limeuzwa kwa mtu binafsi, likafufuliwa vizuri, na leo hukodishwa kwa watu wa likizo. Wapo wanaolalamika kwamba mtu wa kawaida haingii tena ndani. Mimi sina ugomvi na hilo, alimradi jukwaa ni la wote na paa halivuji.

Suala la rangi lilinivutia zaidi. Stesheni zimepakwa rangi za Midland, damu ya mzee na maziwa, zile za enzi ya kampuni iliyozijenga. Lakini Midland ilikufa mwaka 1923. Kwa miaka karibu 50 iliyofuata majengo haya yalivaa rangi za wenye reli wengine, na watu wazima waliopigania njia hii miaka ya 80 hawakuwahi kuiona stesheni ya Dent ikiwa na damu ya mzee utotoni mwao. Kukarabati ni kuchagua mwaka. Waliojitolea hapa wamechagua mwaka ambao hakuna aliye hai anayeukumbuka, na wameupaka vizuri kuliko ulivyokuwa, maana stesheni ya enzi ya mvuke ilikuwa nyeusi kwa masizi. Sioni ubaya. Ila mgeni asidhani anaona jana. Anaona kile ambacho jana ilitamani kuwa.

Kazi yao bora kabisa, kwa maoni yangu, haiko kwenye jengo la abiria. Ni kibanda cha ishara cha Settle. Kilijengwa mwaka 1891, kikafungwa 1984, kikaanza kuoza. Mwaka 1997 Marafiki walikihamisha kizima-kizima, mbao, madirisha na paa, hadi karibu na stesheni, kisha wakakitengeneza hata nyenzo zake zikafanya kazi tena. Jumamosi hukifungua kwa watu.

Ukipanda ngazi unakuta nyenzo za chuma zimesimama kwa safu, kila moja ikimfika mtu kifuani. Nyekundu ni za ishara za kusimamisha treni, manjano ni za ishara za onyo, nyeusi ni za kubadilisha njia ya reli, buluu ni za kufunga makutano ili yasisogee treni ikipita. Hutazishika kwa mkono mtupu. Utapewa kitambaa, kwa sababu jasho la kiganja hutia kutu chuma kilichong'arishwa, na mtunza ishara wa zamani alikuwa mkali juu ya hilo kuliko juu ya jambo jingine lolote. Unabana kishikio, unaegemeza mwili nyuma, na waya mrefu unavuta mkono wa ishara mbali huko nje.

Halafu kuna kengele. Kila kibanda kiliongea na jirani yake kwa mapigo. Pigo moja: nisikilize. Mapigo manne: naomba njia kwa treni ya kasi. Matatu, kimya kidogo, kisha moja: treni ya kawaida ya abiria. Jirani akikubali anarudia mapigo hayohayo. Treni ikikupita unampigia mawili, imeingia kwako. Ikifika kwake salama anakujibu mawili na moja, imetoka, njia ni wazi. Kila pigo huandikwa daftarini na saa yake. Mtunza ishara aliweza kukaa zamu nzima bila kuona uso wa mtu, akizungumza usiku kucha na mwenzake wa kilomita kadhaa kwa kengele tu.

Mfumo huu ni mzuri ajabu, na una tundu moja: kumbukumbu ya mtu. Alfajiri ya tarehe 24 Desemba 1910, penye stesheni inayoitwa leo Garsdale, mtunza ishara aliziweka injini mbili zisubiri kwenye njia kuu. Usiku huo ulikuwa na kazi nyingi, mvua na giza. Akazisahau. Treni ya kwenda Scotland ilipokuja akaifungulia ishara, na injini mbili zilizokuwa zikisubiri zikadhani zimefunguliwa zao, zikaondoka taratibu mbele yake. Ikazigonga kwa nyuma. Mabehewa yaliwashwa taa kwa gesi, moto ukalipuka, watu 12 wakafa. Baada ya ajali hiyo ndipo juhudi zilipoongezwa za kutumia mkondo wa umeme unaopita kwenye reli zenyewe, ili reli imwambie mtunza ishara kwamba juu yake kuna kitu, hata kama yeye amesahau. Mtu aliyeshika nyenzo ya Settle kwa kitambaa anaielewa ajali ile kwa dakika moja. Kitabu kitamchukua muda zaidi, na hiki hakijiondoi.

Armathwaite, upande wa kaskazini, nako kuna kibanda kilichofufuliwa na watu haohao. Na hapo Armathwaite ndipo ulipoonekana mpaka wa nguvu za kujitolea. Mwanzoni mwa 2016, baada ya mvua kubwa, mlima wa Eden Brows uliporomoka kuelekea mto Eden, ukichukua karibu tani 500,000 za udongo, na reli ilikuwa juu yake. Njia ikakatika kwa zaidi ya mwaka. Hapo hakuna brashi ya rangi wala kamati ya bustani inayofaa kitu. Network Rail, wenye reli sasa, walichoma nguzo za chuma zilizojazwa zege chini ya njia kwa mamia na kutumia pauni milioni 23. Tofauti na 1983 ni kwamba safari hii hakuna aliyethubutu kusema kwa sauti kwamba fedha hizo ni nyingi mno kwa njia yenye abiria wachache. Abiria hawakuwa wachache tena, na stesheni nane zilikuwa zimejaa watu wenye majina na anwani ambao wangeandika barua siku hiyohiyo.

Njia nzima ilifunguliwa tarehe 31 Machi 2017. Mwezi mmoja na nusu kabla ya hapo, kwenye sehemu iliyokuwa nzima, kati ya Appleby na mji wa Skipton ulio kusini mwa Settle, treni za kawaida za ratiba zilivutwa kwa siku tatu na injini ya mvuke. Jambo hilo lilikuwa halijatokea kwenye reli kuu za England kwa karibu nusu karne. Injini yenyewe, Tornado, haikuwa ya makumbusho. Ilikuwa mpya, iliyokamilika mwaka 2008, na fedha za kuiunda zilichangwa kwa sehemu kubwa na watu wa kawaida waliotoa kidogo kidogo kila mwezi kwa miaka 18. Treni zilijaa zote. Tikiti ziliuzwa kwa nauli ya kila siku, na kwa kuwa zilikuwa treni za ratiba, zilisimama pia Garsdale, Dent, Ribblehead na Horton, watu wakashuka, wengine wakapanda.